Kusubu machubwi ya nyavu kwa risasi chakavu: mwongozo kamili kwa wavuvi

Neno risasi limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Ni jina la metali laini na nzito yenye rangi ya kijivu iliyoingia ubuluu, na ni jina la kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, kwa sababu kwa karne nyingi hicho cha pili kilitengenezwa kwa hiyo ya kwanza. Mwongozo huu unahusu metali peke yake. Kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai nchini Uganda, na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 imelizungumzia jambo hilo, sitaligusa tena. Ninachoeleza hapa ni kazi wanayoihitaji mwaka mzima wavuvi wa Masese, Katosi na Ggaba kwenye Ziwa Viktoria, na wa mialo ya Ziwa Albert kama Butiaba: kusubu (kuyeyusha na kumimina ili kupata umbo) machubwi, yaani vizito vya risasi vinavyopangwa kwenye kamba ya chini ya wavu, au vinavyofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame.

Kuyeyusha na kumimina hakuna ugumu mkubwa, na mtu mwenye mkono mtulivu huimudu kazi hiyo katika asubuhi mbili. Ugumu uko katika kuyazuia mambo mawili: maji yasiingie kwenye risasi, na risasi isiingie miilini mwa watu. Karibu kila agizo nitakalolitoa linatokana na moja kati ya hayo mawili, na msomaji atakayeyashika hayo ataweza kujiongoza hata pale ambapo vifaa vyake havifanani na vyangu.

Kwa nini risasi, na si mawe

Wavuvi wengi bado wanafunga mawe au vipande vya saruji, nami siwalaumu, kwani mawe hayanunuliwi. Lakini hesabu iko hivi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, ilhali ya jiwe gumu la itale haifiki gramu 2.7. Kitu kikizama, maji hukibeba kwa kadiri ya ujazo wake, kwa hiyo kitu kinene hupoteza uzito mwingi kuliko kitu chembamba chenye uzito huohuo. Chubwi la gramu 34 likiwa ndani ya maji hubaki na uzito wa gramu 31 hivi. Jiwe la gramu 34 hubaki na 21 tu. Zaidi ya hayo, jiwe lina kona zinazonasa nyuzi na kuzikata wavu unapokunjwa ndani ya mtumbwi, na chubwi laini la mviringo halifanyi hivyo.

Hata hivyo, kuna nyumba ambazo kazi hii haifai kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Risasi huharibu ubongo unaokua, hukaa katika mifupa kwa miaka mingi, na hupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ikiwa kiwanja chako ni kimoja na cha majirani watatu, watoto wanacheza mlangoni na jiko la chakula liko hatua tano kutoka pale utakapoyeyushia, basi baki na mawe, au tumia nati kubwa za chuma chakavu. Nasema hivyo kwa sababu nimekwisha kuona risasi ikiyeyushwa kwenye jiko lililopikiwa ugali siku hiyohiyo, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa wameambiwa.

Kutafuta na kuchagua chakavu

Chanzo rahisi zaidi ni gereji za matairi, ambako vipande vidogo vya kusawazisha magurudumu hung'olewa kila siku na kutupwa kwenye kopo. Vile vya zamani ni vya risasi iliyochanganywa na antimoni kidogo, ambayo huifanya iwe ngumu zaidi. Kwa chubwi hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba vingi vya siku hizi ni vya zinki au vya chuma, na vyote hupakwa rangi ileile ya kijivu. Tazama alama zilizogongwa juu yake: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kisichokuwa na alama kibane kwa koleo la kukatia waya. Risasi hukubali meno ya koleo kama sabuni kavu, zinki hukataa. Ukikiangusha juu ya jiwe, risasi hutoa mlio uliokufa, na zinki hulia kama sarafu. Ukikikwaruza kwa kisu, risasi hung'aa kwa muda mfupi kisha hufifia, na ukipitisha sehemu iliyokwaruzwa juu ya karatasi huacha mstari kama wa penseli.

Machubwi ya zamani yaliyotoka kwenye nyavu zilizochakaa ni chakavu bora kuliko yote, kwa kuwa unajua yalikotoka. Mabomba ya maji ya zamani na maganda ya risasi ya nyaya za kale za chini ya ardhi pia ni laini na safi. Lakini ukiletewa ganda la waya na mtu asiyeweza kueleza alilitoa wapi, likatae. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa njia hiyo zimeibwa, na anayenunua hushtakiwa pamoja na aliyeiba.

Betri za magari usiziguse. Najua kwamba ndiyo risasi inayopatikana kwa wingi, na najua kuna watu wanaoipasua betri kwa shoka na kumwaga tindikali mtaroni. Ndani yake mna unga wa risasi unaopeperuka kuliko metali yenyewe, mna tindikali ya salfa, na mna arseniki na antimoni ambazo, vikikutana na unyevu katika hali fulani, hutoa gesi zenye sumu kali. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambao watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha udongo wake. Karibu nasi zaidi, katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi risasi katika damu zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima.

Vyombo

Chungu cha kuyeyushia kiwe cha chuma cha kusubu au cha chuma kinene kilichochomelewa vizuri, chenye kitako kipana. Sufuria ya alumini haifai hata mara moja, ijapokuwa ndiyo iliyo karibu katika kila nyumba. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na makaa yanayopulizwa vizuri huzidi joto hilo, kwa hiyo kitako kinaweza kulegea na kuachia chini mzigo wote. Ndoo na makopo ya mabati nayo hayafai, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi unaoumiza kifua na huingia katika risasi na kuiharibu. Kumbuka pia uzito: kilo 5 za risasi hazijazi hata nusu lita, na chungu cha lita mbili kikijaa kitakuwa na zaidi ya kilo 22 ambazo sigiri ya kawaida haikuundwa kuzibeba. Yeyusha kilo 4 au 5 kwa mara moja.

Unahitaji pia upawa wa chuma wenye mdomo mwembamba, kijiko cha chuma chenye matundu cha kuondolea taka, glavu ndefu za ngozi kama za wachomeleaji, miwani ya kufunika macho yote, aproni ya ngozi au ya turubai nene, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, huku suruali ikiwa nje ya kiatu ili tone lisidondokee ndani. Malapa na nguo za nailoni ziachwe nyumbani. Barakoa ya kitambaa ya aina tuliyovaa wakati wa korona haizuii moshi wa metali wala vumbi lake. Itafutwe barakoa ya viwandani yenye vichujio vya daraja la P100 au FFP3. Vyombo hivi vyote vipakwe alama ya rangi nyekundu na visirudi jikoni kamwe.

Kalibu

Kalibu ni kifaa chenye matundu ya kumiminia risasi ili ipate umbo. Za udongo na za mbao zinatumika, lakini ya udongo huficha unyevu na ya mbao huungua baada ya kumiminiwa mara chache. Ninashauri utumie fedha mara moja kwa kalibu ya chuma. Mpelekee fundi, awe wa Katwe mjini Kampala au wa mtaa wako, vipande viwili vya chuma bapa vyenye unene wa milimita 20, kimo cha milimita 40 na urefu wa milimita 200. Avibane pamoja kwenye jiliwa, atie vijiti viwili vya kuvishikiza ili visiteleze, kisha atoboe juu ya mstari wa maungio, nusu ya tundu ikiwa katika kipande hiki na nusu katika kile. Kwanza atoboe tundu la milimita 4 kutoka juu hadi chini. Kisha alipanue kwa keekee ya milimita 12 hadi kina cha milimita 30, na mdomo wa juu aupanue kidogo uwe kama faneli. Urefu huo unatosha matundu sita. Katika kila tundu utasimamisha kijiti cha chuma laini cha milimita 4, ambacho ndicho kitakachoacha njia ya kamba katikati ya chubwi.

Hesabu ya uzito ni hii: tundu la milimita 12 kwa 30 lina ujazo wa sentimita 3.39, ukitoa 0.38 za kijiti hubaki 3.01 hivi, na ukizidisha kwa 11.34 unapata gramu 34. Kilo moja ya risasi safi itatoa machubwi 29. Ukitaka mazito zaidi, ongeza kina au upana kwa hesabu hiyohiyo kabla fundi hajaanza kutoboa.

Mahali na saa

Kazi ifanyike nje, mbali na nyumba, kisima, bustani ya mboga na njia ya watu, juu ya udongo mkavu uliotandazwa mchanga mkavu. Usifanyie juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu saruji hushika unyevu na risasi ikimwagika juu yake hupasuka na kurusha vipande.

Sisi wa mwambao tuna jambo moja la kulizingatia kuhusu upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia mchana hugeuka na kutoka ziwani kuja makazini. Kazi ya asubuhi, basi, hupeleka moshi mbali na nyumba, na ya alasiri huuleta mlangoni. Lakini asubuhi ndiyo saa ya umande. Kwa hiyo chakavu, upawa, kalibu na kila kitakachokutana na risasi vilazwe ndani usiku uliotangulia, kisha vipashwe moto kando ya sigiri kabla ya kuanza. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ni afadhali kuiacha kazi hii kabisa.

Mimi nilijifunza habari ya umande kwa mkono wangu wa kulia. Niliuchovya katika chungu upawa uliokuwa umelala nje, ambao machoni pangu ulikuwa mkavu. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na yakifanya hivyo chini ya uso wa risasi hayana pa kutokea isipokuwa juu, pamoja na risasi yenyewe. Nusu ya chungu iliruka. Glavu niliyovaa ilikuwa fupi, na alama ziko kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Miwani ndiyo iliyoniokolea macho.

Kuyeyusha na kusafisha

Tia chakavu katika chungu kikiwa bado baridi, ndipo uwashe moto, ili unyevu wowote uliojificha ukauke kabla risasi haijayeyuka. Baada ya hapo usiongeze kipande chochote ndani ya risasi iliyokwisha yeyuka; malizia mkupuo huo kwanza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na kazi nzuri hufanyika kati ya 360 na 400. Zinki huyeyuka karibu na 420, na nafasi hiyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo rafiki yako: ukibaki chini ya 400, vipande vya zinki na vya chuma ambavyo jicho lako halikuviona vitaelea juu, kwa kuwa ni vyepesi kuliko risasi, nawe utavichota kwa kijiko chenye matundu. Ukizembea moto ukapanda, zinki itayeyuka na kujichanganya, na risasi itakuwa nzito kama uji wa mabonge usiojaza kalibu. Hakuna dawa rahisi ya nyumbani ya kuitenganisha tena.

Kipimajoto cha metali ni bora. Asiye nacho achukue kijiti kikavu kabisa cha mbao na kukigusisha juu ya risasi: kikibadilika kuwa cha kahawia na kuungua polepole bila kushika moto, joto linafaa, kikiwaka, limezidi. Pia tazama uso wa risasi baada ya kuondoa utando wake. Ukiona rangi za dhahabu, zambarau na buluu zikitambaa haraka, punguza makaa mara moja, kwa sababu kadiri joto linavyopanda ndivyo moshi wa sumu unavyoongezeka. Jambo hili ni la kulishika hasa kwa anayetumia makaa, ambayo hayana kitufe cha kupunguzia.

Risasi ikiisha kuyeyuka, dondosha kipande cha nta ya mshumaa chenye ukubwa wa punje ya mahindi, au unga mkavu wa mbao kijiko kimoja, kisha koroga taratibu huku ukikwangua kuta za chungu. Kutakuwa na moshi na pengine mwali wa moto. Simama upande unakotoka upepo. Kaboni ya nta au ya mbao huinyang'anya oksijeni ile risasi iliyokwisha kutu na kuirudisha kuwa metali, na uchafu hubaki juu kama majivu meusi. Yachote kwa upole, bila kuyatimua, uyatie katika kopo la chuma lenye kifuniko. Majivu hayo ndiyo hatari kuu ya kazi nzima kuliko metali yenyewe, kwa kuwa ni vumbi la risasi lililo tayari kuvutwa na kumezwa.

Kumimina

Pitisha kalibu na vijiti juu ya mwali wa koroboi hadi vipate masizi membamba, ili risasi isigande navyo, kisha iache kalibu ipate moto kando ya sigiri. Chota chini ya utando, mimina kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka mdomo wa tundu ujae, kwani risasi hunywea inapoganda na hicho cha juu ndicho hushuka kuziba pengo. Subiri mng'ao wa uso ufifie na kuwa wa kijivu, hesabu tena polepole hadi kumi, ndipo ufungue kalibu na kugonga kwa mti, si kwa nyundo. Kijiti kizungushe kwa koleo huku ukikivuta kabla chubwi halijapoa kabisa.

Machubwi ya kwanza yatakuwa na makunyanzi kama ngozi ya mzee, na sababu ni kalibu baridi. Yaweke kando yayeyushwe katika mkupuo unaofuata. Yakianza kutoka na uso uliochakaa kama ulionyunyiziwa chumvi, kalibu au risasi imepata moto kupita kiasi, pumzika kidogo. Usiyapoze kwa maji na usiwe na ndoo ya maji karibu na chungu. Yapange juu ya mchanga mkavu yapoe yenyewe. Kwa dharura ya moto weka mchanga. Mtu akiungua, mpeleke mbali na chungu, mmwagilie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, usibandue metali iliyoshikamana na ngozi, usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha nendeni kituo cha afya.

Baada ya kazi

Usile, usinywe wala usivute sigara mpaka umenawa mikono na uso kwa sabuni. Maji matupu hayaitoi risasi. Nguo za kazi zivuliwe hukohuko, zifuliwe peke yake, na zisichanganywe na za watoto. Sigiri na vyombo vifutwe kwa kitambaa kibichi vikiwa vimekwisha poa, wala mahali pa kazi pasifagiliwe pakavu. Kopo la majivu likijaa lipelekwe kwa mnunuzi wa chakavu mwenye kibali. Lisitupwe chooni, shambani wala ziwani. Anayefanya kazi hii mara kwa mara apimwe risasi katika damu, na asipuuze maumivu ya tumbo yasiyoisha, kufunga choo, uchovu na upungufu wa damu.

Mabaki ya mdomo wa faneli yakatwe kwa koleo, si kwa tupa wala msasa, kwa sababu hizo hutengeneza vumbi. Kisha yapake machubwi rangi ya mafuta mara mbili. Rangi hupunguza mguso wa mikono kila wavu unapotandazwa. Na kuna mazoea ninayoomba yaachwe leo: kubana chubwi dogo la mshipi kwa meno. Koleo dogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Katika kuyapanga, anza na wavu ulioshika samaki vizuri kwa mawe. Pima uzito wa mawe ya mita moja ya kamba ya chini, uzidishe kwa 0.68, na jibu ndilo kiasi cha risasi kitakachovuta sawasawa ndani ya maji. Mawe ya gramu 100 kwa mita yatahitaji gramu 68, yaani machubwi mawili ya kalibu hii. Pitisha kamba, tenganisha machubwi kwa sentimita 50, na utie fundo pande zote mbili za kila moja, kwani chubwi linaloteleza hukusanyika na wenzake upande mmoja na kuacha sehemu ya wavu ikielea, na lile linalochomoka hubaki chini ya ziwa.